Mpini Kwanza

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumatatu, kisu cha mpira kiliteleza na kuingia chini ya kabati la bandeji kwa mara ya nne.

Mama Nyuzi alitazama saa yake. Alikuwa tabibu wa majeraha katika hospitali ile, na jina hilo alipewa na wagonjwa baada ya miaka kumi na moja ya sindano na uzi. Mbele yake muuguzi mmoja alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye vigae, akichokoachokoa chini ya kabati kwa ufagio. Wenzake walisimama mikono kiunoni. Kisu kilitoka baada ya dakika mbili na nusu, kimevaa utando wa buibui.

"Tumekuja kujifunza kujilinda au kudeki?" aliuliza Bawaba. Huyu alikuwa mlinzi wa mapokezi, mtu mzima mwenye kitambi, aliyekaa mlangoni miaka mingi hata jina lake halisi likasahaulika.

Watu wakacheka. Mama Nyuzi alikuwa akipiga hesabu: saa moja ya mafunzo, watu kumi na wawili, visu viwili vya mpira. Karibu robo ya muda ilikuwa imeishia chini ya kabati.

Na kabati lenyewe lilikuwa ugomvi unaojitegemea. Lilikuwa la chuma, refu kuliko mtu, na lilisimama mbele ya mlango wa nyuma wa chumba cha kufungia vidonda. Chumba kilikuwa na hatua saba kwa nne. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa karibu na mlango wa mbele, toroli la dawa upande wa ndani, na muuguzi alifanya kazi katikati ya toroli na kabati. Maana yake, mgonjwa au ndugu yake akichomoa kisu, muuguzi hana pa kutokea ila kumpitia yeye. Mama Nyuzi alikuwa amelieleza hilo kwa Katibu wa hospitali katika barua mbili, zenye mchoro na vipimo. Alitaka jambo moja tu: kabati lihamishwe, mlango wa nyuma ufunguliwe.

Katibu hakukataa. Angekataa, angalau kungekuwa na kitu cha kupingana nacho. Alisema barua zinafanyiwa kazi, akamleta Kocha awafundishe kujilinda na visu.

Sababu ya yote hayo ilikuwa kijana mmoja aliyechomoa kisu pale mapokezi miezi miwili nyuma kwa sababu mama yake alicheleweshewa kitanda. Hakuumia mtu. Bawaba alimwonyesha kiti cha plastiki, miguu minne mbele, akamsukuma nacho hadi nje huku akimwita "mwanangu". Katibu alisema kiti si mbinu.

Kocha alipiga makofi. "Haya, tena! Adui anachoma, wewe unapisha, unashika kifundo, unazungusha. Kidoti, njoo uwaonyeshe."

Kidoti alikuwa muuguzi wa chumba kile na mdogo wake Mama Nyuzi, tumbo moja. Alikuwa mwepesi, mwenye alama ndogo nyeusi juu ya mdomo, na kwa muda huo mfupi alikuwa amempita kila mtu darasani. Mwenzake alinyoosha mkono wenye kisu cha mpira na kuuacha hewani kama mtu anayeelekeza njia. Kidoti alipisha, akashika, akazungusha. Kisu kikaanguka.

"Safi!" alisema Kocha.

"Si kweli," alisema Mama Nyuzi.

Kocha akageuka. Alikuwa mtu wa heshima, mabega mapana, fulana nyeupe iliyopigwa pasi. "Si kweli kitu gani, Mama?"

"Hakuna anayechoma mara moja akakungoja. Nina daftari. Watu mia mbili na sita waliochomwa visu nimewashona kwa mkono wangu. Waliochomwa mara moja ni kumi na tisa. Waliobaki ni mara tatu, tano, mmoja mara kumi na saba. Na karibu wote wameniambia hawakukiona kisu. Walidhani wamepigwa ngumi."

"Daftari ni daftari, Mama. Mimi nimefundisha askari miaka minane."

"Askari gani kati yao alishawahi kuchomwa?"

"Hakuna. Ndiyo faida ya kufundishwa na mimi."

Watu walicheka tena, na safari hii walimcheka Mama Nyuzi. Akaenda kwenye toroli, akachovya kisu cha mpira kwenye chupa ya dawa ya zambarau inayopakwa vidondani, akarudi na kusimama mbele ya Kocha.

"Nizuie," alisema.

"Ukiwa tayari."

Hakusema kama yuko tayari. Alimkamata fulana kwa mkono wa kushoto, akamvuta, na mkono wa kulia ukaanza kwenda na kurudi chini ya mbavu, mfupi mfupi, haraka, kama cherehani. Kocha alipisha, lakini alikuwa ameshikwa. Alitafuta kifundo, lakini kila alipofika hakikuwa hapo. Baada ya sekunde nne au tano alimsukuma, na Mama Nyuzi akarudi nyuma akihema.

Bawaba alisogea kuhesabu, kidole kwa kidole. "Kumi na moja. Kocha, umekuwa biringanya!"

Kocha aliitazama fulana yake. Uso ulimwiva. Kisha alifanya jambo ambalo Mama Nyuzi alilikumbuka baadaye kwa heshima: hakubisha, akauliza, "Huo mkono wa kushoto. Wote wanashika hivyo?"

"Wengi wa wanaonionyesha."

"Basi Jumatano tuanze upya."

Jumatano walianza upya. Kocha aliacha mambo ya kifundo na kuzungusha. Aliwafundisha kuudaka mkono wenye kisu kwa mikono yao miwili, kuukumbatia, kuubana ukutani kwa uzito wa mwili, kuugonga hadi vidole vilegee. Haikupendeza macho, na watu walitoka na michubuko. Mama Nyuzi aliona kuwa walau inafanana na kile anachokisikia kwa watu akiwatia ganzi.

Kilichobaki kumkera ni kabati. Kisu kilichogongwa ukutani kiliruka, na kikiruka kilijua njia. Mara ya tatu siku ile alisimamisha zoezi.

"Kisu kisianguke tena," alisema. "Ukishalegeza mkono wa mwenzako, kichukue mwenyewe. Halafu mrudishie papo hapo aanze tena. Na mnajua namna ya kumpa mtu kitu chenye makali."

"Mpini kwanza!" waliitikia pamoja. Hiyo ilikuwa sheria ya chumba kile tangu zamani, na aliyeiweka ni yeye. Mkasi, koleo, kisu cha upasuaji, vyote hupewa mtu kwa mpini. Aliyesahau alikuwa akiambiwa asimame dakika ile ile na kuanza upya, hata kama mgonjwa analalamika.

"Mpini kwanza, hata cha mpira," alisema Mama Nyuzi. "Mkono uzoee jambo moja."

Kocha aliipenda kanuni hiyo. Alisema inaleta nidhamu. Aliongeza kipande chake: anayeshambulia akinyang'anywa, arudi hatua moja, ashushe mabega, anyooshe kiganja. Anayejilinda amkabidhi. "Tena!" Na mzunguko unaanza.

Mama Nyuzi alipima. Kabla ya kanuni, kila mtu alipata mizunguko sita kwa saa. Baada yake, kumi na minne. Aliandika tarakimu hizo daftarini na kuzipigia mstari. Wiki tano, siku tatu kwa wiki. Kidoti hakukosa hata siku moja.

Barua ya tatu aliipeleka mwenyewe. Katibu alikuwa na ofisi yenye feni mbili na mmea wa plastiki uliokuwa unafutwa vumbi kila asubuhi.

"Mama, mlango tena?"

"Mlango ule ule."

"Mafunzo yanakwendaje? Nasikia dada mdogo ni moto wa kuotea mbali."

"Yanakwenda vizuri. Ndiyo maana nataka mlango. Mtu akipata sekunde mbili za kujiokoa, awe na pa kwenda nazo."

"Sasa, Mama," Katibu alijiegemeza kitini, "tukiwafundisha watu kupambana, halafu tukawafungulia mlango wa kukimbilia, si tunajipinga wenyewe?"

"Hapana."

"Na nje ya mlango ule kuna vitanda vibovu. Vinangoja kamati ya kufuta mali chakavu."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikiitishwa."

"Anayeiitisha nani?"

"Mimi," alisema Katibu, bila aibu yoyote, akaiweka barua juu ya nyingine mbili.

Ijumaa ya wiki ya sita, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, mwanamume mwenye shati la mistari alipita mapokezi. Bawaba alimwuliza anakwenda wapi, akajibu anamfuata ndugu yake aliyeumia mkono, na akataja chumba. Hakuonyesha kitu. Ilibainika baadaye kwamba aliyeumia mkono hakuwa ndugu yake. Walikuwa majirani, na yeye ndiye aliyemuumiza, siku iliyotangulia, kwa sababu ya ukuta wa uwani.

Mama Nyuzi alikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi mwembamba, akishona goti la mwanamke aliyeanguka ngazini. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Alichokiona alikiona kwa macho yake, na baadaye alikiandika kwa mpangilio huu.

Jirani alikuwa amekaa kitandani. Kidoti alikuwa upande wa ndani, akifungua bandeji. Mwenye shati la mistari aliingia, akatoa kisu cha jikoni kiunoni, akamkamata jirani kwa kola. Jirani alianguka kutoka kitandani upande wa mlango. Kisu kilishuka kikakosa. Kidoti alizunguka kitanda.

Angeweza kupiga kelele. Alipiga, ila huku akienda mbele. Aliudaka ule mkono kwa mikono yake miwili kama alivyofundishwa, akaukumbatia, akamsukuma mtu mzima mwenye uzito mara moja na nusu ya wake hadi ukutani kando ya kabati. Aligonga mara moja, mbili, tatu. Vidole vililegea. Kidoti alichukua kisu. Jirani alishatoka mbio, bandeji ikiburuta nyuma yake.

Mpaka hapo hakuna aliyedondosha tone la damu. Mama Nyuzi alikuwa ameshatupa sindano kwenye sinia na kusimama.

Mwenye shati la mistari alirudi hatua moja. Alikuwa anahema, mabega yameshuka. Alinyoosha kiganja.

"Lete," alisema.

Kidoti alikigeuza kisu mkononi, haraka na kwa usafi, kama mara mia mbili na zaidi alizokwisha kukigeuza. Akashika upande wa makali. Akampa, mpini kwanza.

Mama Nyuzi alisikia sauti ikitoka kooni mwake, na haikuwa neno lolote. Aliona uso wa mdogo wake ukibadilika, ukielewa, wakati kiganja bado kimefunga kwenye chuma. Yule mtu alivuta.

Kutoka chumba cha pili hadi kile kulikuwa na hatua nane. Katika hatua hizo Kidoti alirudi nyuma, na nyuma kulikuwa na kabati. Aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso. Kisu kilikwenda na kurudi mara tatu. Mama Nyuzi alifika na kumpiga yule mtu kichwani kwa beseni la chuma, naye akageuka kumkabili, na hapo hapo miguu minne ya kiti cha plastiki ikapita kando ya bega la Mama Nyuzi na kumbana yule mtu kwenye kona.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," Bawaba alisema, jasho likimtiririka. "Kaa. Dondosha hicho. Tumechoka wote."

Kisu kilianguka. Kiliteleza chini ya kabati.

Kidoti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye chuma, mkono wa kulia umekunjwa kifuani. Mama Nyuzi alipiga magoti na kuukunjua. Jeraha lilikatiza vidole vinne, na ndani ya viwili lilikuwa limefika mbali.

"Dada," alisema Kidoti. "Nilimpa."

"Nimeona."

"Kwa mpini."

"Nimeona. Kunja kidole gumba." Kilikunjika. "Cha mwisho." Kilikunjika kidogo. "Cha shahada."

Kidoti alikitazama kidole chake cha shahada kama cha mtu mwingine. Hakikutikisika. Cha kati nacho vilevile.

"Kano zimekatika," alisema Mama Nyuzi. "Mbili. Hizi si kazi yangu, ni za daktari wa upasuaji wa mkono."

"Nitashika tena sindano?"

"Sijui."

"Sema ndiyo tu, jamani."

"Sijui, mdogo wangu." Akaanza kufunga. Majeraha matatu ya mkono wa kushoto yalikuwa mepesi, aliyashona mwenyewe, nyuzi kumi na mbili kwa jumla. Saa tano na nusu gari la wagonjwa lilimchukua Kidoti kwenda hospitali kubwa, polisi wakiwa wameshamchukua yule mtu.

Ripoti aliiandika saa saba, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema hivi: jeraha la mkono wa kulia lilitokana na kanuni ya mazoezi ya kumrudishia mshambuliaji kisu, na makali yalikuwa kiganjani kwa sababu hivyo ndivyo walivyofunzwa kukikabidhi. Mtunga kanuni: tabibu wa majeraha. Alisita hapo. Alijua kabisa Katibu atakachofanya na sentensi ile. Ingemtosha kuandika "mazoea ya mafunzo" akanyamaza, na hakuna ambaye angemwita mwongo. Aliiacha kama ilivyo na kutia saini chini yake.

Katibu alisoma akiwa amesimama. Alisoma taratibu, na alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza alipumua kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Pole sana, Mama. Na asante kwa ukweli. Basi chanzo kimepatikana. Ni kosa la kibinadamu. Tutaongeza wiki mbili za mafunzo, tuifute kanuni hiyo."

"Geuza ukurasa."

"Nimeelewa, Mama."

"Hujageuza. Jeraha la kwanza ni langu. Yale matatu ya baadaye ni ya mlango. Alirudi nyuma hatua mbili akagota kwenye kabati. Vipimo viko ukurasa wa pili."

"Umeandika mwenyewe hapa kwamba chanzo ni..."

"Nimeandika vyanzo viwili."

"Chanzo ni kimoja, Mama. Hicho kingine ni maoni." Aliiweka ripoti juu ya barua tatu, akazinyoosha zote nne zilingane pembe. "Uende nyumbani ukapumzike."

Mama Nyuzi alitoka. Ukumbini alisimama, akajaribu kufungua na kufunga vidole vyake vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Vyote vilifanya kazi. Hilo nalo lilimkasirisha.

Saa tisa kamili Kocha alifika na mfuko wake wa visu vya mpira. Hakuwa amesikia. Alipoambiwa, alikaa kwenye kitanda cha mgonjwa na kuuweka mfuko magotini.

"Mimi ndiye mwalimu," alisema. "Nilipaswa kuikataa."

"Uliisifu."

"Niliisifu. Na kiganja ni changu. Kile cha kunyoosha."

"Najua. Nimekiandika."

"Sasa tufanye nini leo?"

Mama Nyuzi alilitazama kabati. Barua tatu na ripoti moja. "Toa bandeji zote humo ndani," alisema. "Mzee Bawaba, chuma cha kuvunjia kufuli kiko wapi?"

"Cha fundi ninacho mimi," alisema Bawaba. "Ruhusa je?"

"Ruhusa sina."

"Nimeuliza tu, nijue uzito wa kubeba." Akaenda kukileta.

Kabati lilisogea kwa watu wanne. Chini yake walikuta visu viwili: cha jikoni, ambacho polisi walikuwa wamepapasa wakakikosa na kusema watakirudia kesho, na cha mpira kilichokuwa kimepotea tangu wiki ya pili. Mama Nyuzi alikifunika cha jikoni kwa beseni na kumwita muuguzi asimame hapo asiguse. Kufuli lilikatika kwa pigo la pili. Mlango ulisukumwa ukafunguka kiasi cha vidole vinne, ukagota. Nje, vitanda vibovu vilikuwa vimerundikwa hadi dirishani.

Kocha alipitisha mkono kwenye upenyo, akajaribu kusukuma, akashindwa. Alisema neno ambalo hakuwahi kulisema darasani. Ikabidi watoke mbele, wazunguke jengo zima, waanze kuvivuta kimoja kimoja. Vilikuwa vimeshikana kwa kutu. Katibu alipita kwa mbali na simu sikioni, akawaona, akapunguza mwendo, halafu akaendelea na njia yake. Hakuna aliyemsalimu.

Vilikuwa vitanda tisa. Cha mwisho kiliondoka saa tisa na dakika hamsini na nne.

Mama Nyuzi alirudi ndani, akasimama pale alipokuwa amesimama Kidoti, kati ya toroli na mahali pa kabati. Sakafuni palikuwa na mstatili mweupe ambapo vigae havikuwahi kukanyagwa. Alimpa Kocha saa yake ya mkononi.

"Sema lini," alisema Kocha.

"Sema wewe. Nisijue."

Kocha alingoja. Bawaba alikuwa nje, ameushika mlango usijirudishe.

"Sasa!"

Mama Nyuzi alitoka. Alisimama uani, kwenye mwanga, kati ya vitanda.

"Sekunde tatu," alisema Kocha kutoka ndani.